Busaa: Uchachu unaoilinda, na njia inayoifikisha kwenye chang'aa

MNYWAJI wa busaa katika kaunti za Homa Bay na Migori huitambua iliyo njema kwa ulimi kabla ya kichwa. Sharti iwe chachu kiasi, yenye harufu ya nafaka iliyokaangwa, na isiyoacha utamu mwingi kinywani.

Uchachu huo si kasoro ya upishi. Ndio tabia ya kinywaji chenyewe, na ndio kinga yake.

Ufaransa nayo ina kinywaji kinachosifiwa kwa sababu iyo hiyo: Muscadet, divai nyeupe ya bonde la mto Loire, karibu na mji wa Nantes. Hata hivyo, ukali wa Muscadet hutokana na tindikali iliyomo ndani ya zabibu zenyewe. Mahindi na wimbi hayana tindikali ya kutosha, hivyo uchachu wa busaa hauna budi kutengenezwa.

Kazi huanza kwa kukanda unga wa mahindi kwa maji, kisha kuufunika na kuuacha kwa siku kadhaa. Bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa yakawa mala huzalisha tindikali, nayo huzuia viini vingi vya maradhi kustawi. Baadaye donge hilo hukaangwa juu ya bati pana hadi liwe chenga za kahawia. Moto hulainisha wanga na kuleta ile harufu inayopendwa.

Hatua inayofuata ni kimea, ambacho Wajaluo hukiita thowi. Wimbi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa juani na kusagwa. Punje inayoota hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na hamira ya asili huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Baada ya siku mbili au tatu pombe huchujwa, ikiwa na kileo cha takriban asilimia 4. Machicha hulishwa nguruwe na kuku. Zamani wazee waliketi kukizunguka chungu kimoja na kuivuta pombe kwa mirija mirefu iitwayo oseke.

Muscadet huweza kuachwa juu ya masimbi ya hamira majira yote ya baridi kabla ya kutiwa chupani. Busaa haingoji. Huendelea kuchacha, na baada ya siku chache hukaribia kuwa siki. Mpishi aliyekosa wateja hupata hasara.

Hapo ndipo chang'aa inapoingia. Busaa iliyobaki, au sukari guru inayotokana na miwa, huchemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa pombe kali. Chang'aa haichachi, huwekeka, husafirishika na kulewesha upesi. Walaghai huiongezea nguvu kwa methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua, na ambayo mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Pombe yenye sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, na zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa mwezi Mei 2014.

Sheria ya 1980 iliyoharamisha chang'aa ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyoruhusu itengenezwe kwa leseni na kwa viwango maalumu. Lakini leseni na vipimo vya maabara ni mzigo mzito kwa mama anayepika mapipa mawili nyuma ya nyumba. Wakati huohuo, mtama wa wakulima wa eneo hilo una soko halali: kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichofunguliwa upya mwaka 2019, huutumia kutengeneza Senator Keg. Nafaka imepata njia. Mpishi wa busaa bado anaitafuta.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lau yangekuwa maji tu, hakuna ambaye angezikwa.