"A Mwana": Kiswahili Kilichochezwa Ulaya Bila Kufahamika

Katika kijiji cha Quitunda, jirani na mji wa Palma kaskazini mwa Msumbiji, Kiswahili ni lugha ya kazi. Kijiji hicho kilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka rasi ya Afungi ili kupisha mradi wa gesi, na majumbani mwao husemwa Kimwani, Kimakwe na Kimakonde. Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia kijijini humo. Mwezi Julai mwaka huo huo askari wa Rwanda waliwasili Cabo Delgado. Wengi wao hawakujua Kireno, na lugha iliyowakutanisha na wenyeji wa pwani ikawa Kiswahili. Penye kizuizi cha barabara, neno moja likifahamika vibaya, hasara yake haiwezi kurudishwa.

Sasa msomaji na afikirie lugha hiyo hiyo ikiimbwa kwenye kumbi za dansi za Ulaya, na wachezaji wasijue hata neno moja.

Wimbo wenyewe huitwa "A.I.E. (A Mwana)". Mtoto wa Quitunda hahitaji kufasiriwa neno mwana, kwa kuwa Kimwani nacho husema mwana. Lakini wimbo huo haukuzaliwa pwani ya Afrika. Watunzi wake ni Daniel Vangarde wa Ufaransa na Jean Kluger wa Ubelgiji. Mwaka 1971 waliutoa kwanza kwa jina la Yamasuki, ukiwa umevishwa maneno ya mtindo wa Kijapani. Mwaka 1975 wakauvua vazi hilo na kuuvika Kiswahili, wakawapa Black Blood, kundi la wanamuziki wa Kiafrika waliokuwa wakirekodi Ubelgiji. Hapo ndipo wimbo ulipopata roho. Ngoma zilitangulia, besi ikafuata, na waitikiaji wakapokea kwa nguvu kana kwamba wako uwanjani.

Miaka sita baadaye santuri hiyo iliwanasa wasichana watatu wa London: Sara Dallin, Keren Woodward na Siobhan Fahey. Sara na Keren walikuwa marafiki tangu utotoni mjini Bristol. Siobhan walikutana naye chuoni London. Walijiita Bananarama, jina lililounganisha neno ndizi kwa Kiingereza na wimbo wa kundi la Roxy Music uitwao "Pyjamarama". (Majina ya bendi, huko kama huku, hayana sheria.) Makazi yao yalikuwa juu ya chumba cha mazoezi kilichotumiwa zamani na Sex Pistols, bendi ya roki iliyowahi kuitikisa Uingereza. Mpiga ngoma wa bendi hiyo, Paul Cook, ndiye aliyewasaidia kurekodi.

Hivyo mwaka 1981 ikatoka santuri yao ya kwanza, "Aie a Mwana", kwa Kiswahili walichojifunza kwa sikio tu. Ilifika namba 92 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, ikaishia hapo.

Namba hiyo haikuitendea haki. Santuri ile ina ukali wa roki na mwendo wa dansi kwa pamoja, na haimpi mchezaji nafasi ya kuketi. Wasichana wale hawakugawana sauti ya juu na ya chini; wote watatu waliimba sauti moja, jambo ambalo akina mama wa ngoma ya tufo, katika pwani ya Cabo Delgado na Nampula, wasingeliona geni. Mtindo huo wa sauti moja ndio uliowatambulisha baadaye duniani, na ulianzia katika Kiswahili.

Tena santuri hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango. Terry Hall wa kundi la Fun Boy Three aliipenda, akawaalika waimbe pamoja naye, na mwaka 1982 wimbo wao wa pamoja ukafika namba 4. Kisha "Venus" ikashika namba 1 Marekani mwaka 1986. Wanaosimulia habari za Bananarama mara nyingi huanzia kwenye ushindi huo na kuipita santuri ya 1981 kama kituo kisicho na abiria.

Waliopunjwa zaidi, hata hivyo, ni Black Blood. Watunzi wanajulikana, wasichana wa London wanajulikana. Lakini Waafrika waliokwisha kuuimba wimbo huo kwa Kiswahili tangu 1975 hutajwa kwa nusu sentensi, pengine kwa jina la kundi tu. Bila santuri yao, Bananarama wasingekuwa na cha kuigiza.

Familia itakayopenda kulinganisha na ianze na Black Blood, kisha isikilize Bananarama. Wimbo umo pia katika albamu yao ya kwanza, "Deep Sea Skiving", ya mwaka 1983. Watoto wataucheza kabla ya kuuliza lolote. Wakiuliza kwa nini wanawake wale wanalitamka "mwana" namna ile, waambiwe kwamba hawakuwa na mtu wa kuwasahihisha.