Waliandika Kadi, Kisha Wakaitwa

Mgeni akinitembelea Prague, siku ya kwanza ni daraja na saa ya mnara. Siku ya pili nampeleka Josefov, mtaa wa kale wa Wayahudi, na karibu kila mmoja huniuliza jambo lilelile. Wanazi walichoma masinagogi Ujerumani nzima. Ilikuwaje hapa mapazia ya mahameli, taji za fedha na vitabu vya karne na karne vikabaki, tena vimepangwa kabatini?

Jibu ambalo waongoza watalii hulipenda ni kwamba Wanazi walikusudia kujenga makumbusho ya taifa walilolitowesha. Ni hadithi ya kusisimua. Ila wanahistoria wamechakura nyaraka miaka mingi bila kupata hata karatasi moja ya Kinazi inayosema hivyo. Ukweli umekaa upande wa pili wa meza, kwa waliokuwa wakiandika kadi.

Makumbusho yenyewe yalikuwepo tangu 1906. Manispaa ilipobomoa vichochoro vya gheto la zamani, mwanahistoria Salomon Hugo Lieben alianza kuokoa vitu vya masinagogi yaliyovunjwa. Yalikuwa makumbusho madogo, ya watu wenye mapenzi na historia. Machi 1939 jeshi la Ujerumani likaingia mjini, na kuanzia 1941 Wayahudi wakawa wanasombwa kwa treni hadi magheto na kambi za mauaji. Mji mdogo ukishamalizwa watu, sinagogi lilibaki na vitu visivyo na mwenyewe. Mwaka 1942 Wayahudi wa Prague walishauri vyote viletwe kwao vitunzwe. Ofisi ya SS, kikosi cha Wanazi, ikakubali, kwa sababu zake yenyewe: mali iliyokusanywa na kuorodheshwa ni rahisi kuimiliki.

Basi masanduku yakaanza kumiminika, kutoka jumuiya 153 za Bohemia na Moravia, maeneo ya Wacheki. Waliopokea walikuwa wataalamu hasa: Josef Polák, aliyewahi kuongoza makumbusho huko Košice, Tobias Jakobovits, mkutubi, František Zelenka, msanifu majengo na mbunifu wa majukwaa ya tamthilia, na Hana Volavková, mwanahistoria wa sanaa. Kila kitu kikafunguliwa kadi: ni nini, kimetoka mji gani.

Hapa inafaa nieleze vitu vyenyewe, maana ndimo siri ilimo. Torati ya sinagogi ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono na kukunjwa, nayo huvishwa kama mtu wa heshima. Ina mshipi, ina joho, ina taji. Msomaji hafuatishi mstari kwa kidole chake; hutumia kijiti cha fedha chenye mkono mdogo nchani. Na mshipi ule mara nyingi ulishonwa kwa kitambaa alichofungiwa mtoto wa kiume siku ya tohara. Mama alikitarizi jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kisha familia ikakitoa sinagogini. Kwa hiyo aliyekuwa akijaza kadi mwaka 1943 hakuwa akihesabu vitambaa tu. Alikuwa akisoma majina.

Na yeye mwenyewe alikuwa akingoja zamu yake. Jakobovits na Zelenka walipelekwa kambini, hawakurudi. Polák pia hakurudi. Volavková alichelewa kuitwa kwa kuwa mumewe hakuwa Myahudi. Akapelekwa gheto la Terezín mapema 1945, vita ikielekea ukingoni, akatoka hai. Akarudi Prague kuongoza makumbusho yenye vitu zaidi ya 100,000, na wengi wa waliovitoa hawapo.

Angeweza kuridhika na makabati. Lakini angalia alichokishughulikia. Mikononi mwa makumbusho kulikuwa na michoro kama 4,500 ya watoto wa Terezín, waliofundishwa na msanii Friedl Dicker-Brandeis. Mwalimu huyo aliwahimiza kuandika majina yao kwenye michoro, akaifungasha katika masanduku mawili kabla ya kupelekwa kambi ya Auschwitz Oktoba 1944, alikouawa. Mwaka 1959 Volavková akatoa kitabu cha michoro na mashairi ya watoto hao, nacho kikasambaa duniani.

Wakati huohuo, katika Sinagogi la Pinkas, hapohapo Josefov, wachoraji Václav Boštík na Jiří John walikuwa wakiandika ukutani majina karibu 80,000 ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa, mji kwa mji, familia kwa familia. Kazi ilianza 1954, ikaisha 1959. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya ukuta wa majina kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari pale Gisozi, Kigali, hahitaji maelezo zaidi.

Dola ya kikomunisti, iliyotwaa makumbusho mwaka 1950, haikuwa na moyo na mambo haya. Volavková aliacha uongozi mwaka 1961. Mwaka 1964 Torati 1,564 zilizorundikwa katika sinagogi la Michle ziliuzwa London, na kutoka huko nyingi zimeazimwa masinagogi ya nchi mbalimbali. Mwaka 1968 maji ya ardhini yakapanda kuta za Pinkas, jengo likafungwa, na majina yakapotea pamoja na lipu.

Volavková alifariki 1985, mlango wa Pinkas ungali umefungwa. Majina yakaja kuandikwa upya miaka ya 1990, kwa brashi, herufi baada ya herufi, kuanzia la kwanza.