Kuanguka kwa Wazee Kunazuilika: Nafasi ya Fiziotherapia

Mzee anapoanguka nyumbani, jamaa wengi husema kuwa huo ni uzee tu. Dhana hiyo ina madhara. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Wanaonusurika huweza kuvunjika nyonga, na baadhi yao hawarudii tena uwezo wa kujihudumia.

Ili mtu asimame imara, macho, sikio la ndani na hisia za nyayo hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao ubongo huamuru misuli. Umri unapoongezeka, misuli ya mapaja hudhoofu na mwitikio wa mwili huchelewa. Kisukari huweza kutia nyayo ganzi, mtoto wa jicho hufifisha uoni, na baadhi ya dawa za usingizi au za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mgonjwa anaposimama.

Baada ya kuanguka mara moja, mzee hujaa hofu. Watoto wake nao, kwa mapenzi, humwambia aketi tu, kila kitu ataletewa. Hata hivyo, misuli isiyotumika huzidi kunyong’onyea, na hatari ya kuanguka tena huongezeka. Mapumziko aliyopewa kama kinga hugeuka kuwa chanzo cha tatizo.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kupima. Katika kipimo kimoja chepesi, mzee huinuka kitini, hutembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari. Kipimo hiki huhitaji kiti, saa na mtu wa kumlinda mzee asianguke, hivyo huweza kufanyika hata katika zahanati.

Mazoezi hupangwa kulingana na uwezo wa kila mmoja. Miongoni mwake ni kuinuka kitini na kuketi tena taratibu, kunyanyua visigino, kutembea kiubavuubavu, na kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine. Mwanzoni mzee hushika meza nzito isiyosogea. Nguvu zinapoongezeka, msaada hupunguzwa. Hufanyika angalau siku 3 kwa wiki na kuendelezwa, kwani faida hupotea yakiachwa. Mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2019 yalionesha kuwa mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23 kwa wazee waishio majumbani.

Mkongojo nao hupimwa: mpini ufikie usawa wa kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, mzee akiwa amesimama wima. Hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu. Nyumbani, mkeka uliokunjamana uondolewe, kandambili zilizolika zibadilishwe, njia ya chooni iwe na mwanga, na chooni pawekwe mhimili wa kushika.

Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama, aliyegonga kichwa au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali mara moja. Kwa wengine wote, mhudumu wa afya aulize katika kila hudhurio: “Je, umewahi kuanguka mwaka huu?” Wazee wengi hawasemi wasipoulizwa.