Tiyo inavuja na kazi haiwezi kusimama: wapi kufunga kwa muda, wapi kuacha



Mwezi wa 8 hapa Likasi hakuna mtu anayengojea mvua. Tomate, kabeji, kitunguu na lengalenga zinaishi kwa maji ya motopompi peke yake, mpaka mwezi wa 10 na pengine kupita. Kwa hiyo siku tiyo inapopasuka katikati ya kumwagilia, neno linalosikika ni moja: "Funga na mpira, tuendelee." Mara nyingi neno hilo ni sawa. Mara nyingine linaweza kuua mtu, na kwa macho matobo yote mawili yanafanana.

Watu wa viwanda wanaijua shida hii kutupita sisi. Pale Shituru shaba inatengenezwa tangu 1929, na madini yanayeyushwa ndani ya asidi. Mu kiwanda cha namna hiyo asidi inakula chuma usiku na mchana, na kusimamisha kazi nzima juu ya tobo dogo ni hasara kubwa. Ndiyo maana mafundi wa viwanda, mahali pengi duniani, wanazoea kufunga tobo huku kazi inaendelea. Wanazungusha tiyo na vipande viwili vya chuma, mpira ndani yake, kisha wanakaza bulo. Lakini kabla ya kugusa chochote wanapima unene wa chuma kilichobaki, wanauliza ndani mna nini, na wanashusha presio. Wakimaliza wanaandika tarehe: leo tumefunga, siku fulani tunabadilisha. Sisi tumechukua mpira na bulo, tukasahau yale mengine.

Tuanze na presio, maana hapo ndipo hesabu inapoanza. Maji yakisimama meta 10 kwenda juu, chini yake yanasukuma kwa bar 1, ni kusema karibu kilo 1 juu ya kila sentimeta ya mraba. Kama motopompi iko chini mtoni na tanki iko juu ya kilima, tofauti meta 25, tiyo ya karibu na motopompi inabeba bar 2 na nusu, bila kuhesabu nguvu inayopotea njiani. Tiyo ile ile, ikifika juu karibu na tanki, haibebi karibu kitu. Tobo la chini na tobo la juu si ndugu. Ule mpira uliokaa vizuri juu kwa mwezi mzima, ukiuweka chini unaweza kuruka saa ile ile.

Tena angalia kama ni tobo ao ni ufa. Tobo la msumari linabaki tobo. Ufa unatembea. Kwenye tiyo ngumu ya PVC, ufa wa sentimeta 5 asubuhi unaweza kuwa wa sentimeta 30 jioni, chini ya mpira wako, bila wewe kuona. Zima masini, toboa kitundu kidogo cha milimeta 3 kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee, ndipo ufunge.

Na hapa niseme wazi: shamba si kiwanda. Kusimamisha motopompi dakika 20 hakuui kabeji hata moja. Yule anayefunga tiyo huku masini inalia, maji yanamrukia usoni, anaonyesha ujasiri wa bure. Zima, fungua robine ili maji yatoke, pangusa pawe pakavu. Kwaruza kidogo kwa karatasi ya msasa ao jiwe. Kata kipande cha mpira wa ndani wa kinga, kinene bila kiraka cha zamani, kipite tobo kwa sentimeta 3 kila upande. Juu yake weka kipande cha tiyo ya aina ile ile kilichopasuliwa kwa urefu, kikae kama tandiko mgongoni mwa punda. Kaza na kolie mbili, moja kila upande wa tobo. Kama kolie hakuna, kata mpira mrefu kama bande la kidonda, uuvute kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, anzia mbali na tobo na umalizie mbali nalo. Waya peke yake juu ya mpira inakata mpira. Tanguliza kitambaa ao bati laini.

Ukiwasha tena, gaz iwe kidogo kwanza, na robine za shamba ziwe wazi zote. Robine zikifungwa huku masini inasukuma, presio yote inarudi kwenye kile kiraka.

Tiyo nyeusi ya polietileni haikubali kole, hata uweke chupa nzima; hiyo ni kukata sehemu mbaya na kuunganisha kwa kiungo cha ndani na kolie. Tiyo laini inayokunjwa ni vilevile. Kazi hiyo inachukua dakika 10 na haiitwi tena kiraka, imekuwa matengenezo ya kweli.

Kuna uvujaji mwingine ambao haumwagi hata tone. Ni ule wa upande wa kuvuta, kati ya mto na motopompi. Pale tiyo haitoi maji, inaingiza hewa. Masini inalia kwa nguvu, maji yanatoka kwa kutemeka-temeka, kisha yanakatika. Wengi wanafungua motere, wanatafuta ugonjwa ambao hauko. Mwaga maji polepole juu ya viungo vya tiyo ya kuvuta huku masini inazunguka: pale mlio unapobadilika, ndipo hewa inapita. Upande huu bande la mpira linakaa vizuri sana, maana hewa ya nje yenyewe inaukandamiza mpira ndani. Likasi iko juu ya meta 1,200 kutoka bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo pompi inayoandikwa kwamba inavuta meta 7 hapa haitafika 7. Usiiweke mbali na maji ukasema tiyo ni mbaya.

Sasa tanki. Garaji nyingi, na koperative chache zenye magari, ziko na kompresa ya hewa. Tanki lake likianza kupiga mluzi chini, mtu anasema: "Ita fundi wa kusude, aweke tone moja." Hapana. Hewa ikikandamizwa inabeba unyevu, maji yanakusanyika chini ya tanki, kutu inakula kutoka ndani. Kitundu kimoja chenye ukubwa wa sindano kinamaanisha chuma chote cha chini kimekuwa chembamba kama bati. Ukikisude, moto unakidhoofisha zaidi.

Fanya hesabu. Kifuniko cha mwisho wa tanki, upana wake sentimeta 40, presio bar 8: kinasukumwa na nguvu ya karibu tani 10. Kama ndani mngekuwa maji, chuma kingepasuka, maji yangemwagika, presio ingekwisha palepale, kwa sababu maji hayakubali kukandamizwa. Hewa ni kama ressort iliyokunjwa. Ikipata njia inajinyosha yote kwa mara moja, na vipande vya chuma vinaruka nayo. Ndiyo sababu wenye akili wanajaribu tanki kwa maji, si kwa hewa. Tanki la kompresa lililotoboka halina kiraka cha muda. Zima, toa hewa, litoe kazini. Lile ambalo bado ni zima, fungua robine ya chini kila jioni utoe maji, na usiruhusu mtu afunge supapi ya usalama eti inasumbua.

Hata wenye masomo walianguka hapa. Mwezi wa 3 mwaka 1974, kiwanda cha Nypro huko Flixborough, Uingereza, kilikuwa na matanki 6 makubwa ya presio yaliyopangwa mustari mmoja. Waliona ufa wa karibu meta 2 kwenye tanki la 5. Walilitoa, wakaunganisha la 4 na la 6 kwa tiyo ya muda, kazi irudi upesi. Tiyo hiyo ilichorwa kwa chaki sakafuni mwa garaji. Hakuna aliyehesabu vizuri jinsi presio itakavyoisukuma pale ilipopinda. Ilishika kama miezi 2. Tarehe 1 mwezi wa 6, siku ya posho, mchana, iliachia. Mvuke ukatoka, ukashika moto. Watu 28 walikufa. Ingekuwa siku ya kazi, na ofisi zimejaa, wangekuwa wengi kupita hapo. Miezi 2 ya kushika vizuri haikuwa ushahidi wa kitu chochote.

Pompi ya dawa ya mgongoni nayo ni tanki la presio, ingawa ni dogo. Tiyo yake ikivuja, kamba na mpira wa kinga havifai: dawa nyingine zinalainisha mpira, na matone yanashuka mgongoni, yanaingia kwa ngozi na jasho siku nzima. Shusha presio, mimina dawa katika chombo chake, osha, badilisha tiyo. Kama tiyo mpya hakuna leo, dawa itapigwa kesho.

Na ule mutonga wa zamani mnaonunua kwa wauza chuma ili kufanya tanki la maji: usikubali usudewe kabla ya kujua ulibeba nini. Mutonga uliofungwa, wenye harufu kidogo tu ya esansi, unalipuka mbele ya moto wa kusude hata kama unaonekana mtupu. Uliobeba asidi ao dawa haufai maji ya mboga, wala ya kunywa, hata uoshwe mara ngapi.

Kwa koperative, jambo moja la kupanga mu mkutano ujao. Mlinzi wa motopompi awe na kisanduku: kolie 4 za kipimo cha tiyo yenu, kiungo 1, mpira wa ndani 1 mzima, kisu, msasa, rangi na burashi ndogo. Kila kiraka kipakwe rangi na kiandikwe tarehe, juu ya tiyo yenyewe na mu daftari. Kabla ya kuwasha kila asubuhi, mlinzi anatembea kufuata mustari wa tiyo na kuhesabu alama za rangi. Zikifika 3 kwenye kipande kimoja cha meta 6, mweka hazina anatoa franka za kipande kipya kabla ya kununua kitu kingine.