Mtoto Mtukutu Darasani: Umri Uangaliwe Kabla ya Kidonge

Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mtoto huanza shule ya awali iwapo atakuwa ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1. Kwa utaratibu huo, aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti huwa mdogo kuliko wenzake wote darasani, huku aliyezaliwa siku chache baadaye akisubiri mwaka mzima na kuwa mkubwa katika darasa linalofuata. Siku hizo chache haziwezi kubadili ubongo wa mtoto. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia kumbukumbu za bima za watoto zaidi ya 400,000 nchini humo, ulibaini kuwa katika majimbo hayo watoto wa Agosti waliambiwa wana tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, maarufu kwa kifupi cha ADHD, kwa kiwango kilichozidi cha watoto wa Septemba kwa asilimia 34. Walikuwa takriban 85 katika kila watoto 10,000, dhidi ya 64. Katika majimbo yasiyotumia tarehe hiyo, tofauti ya namna hiyo haikuonekana.

ADHD ni tatizo la kweli. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuelekeza akili kwenye jambo moja, ashindwe kutulia, au atende kabla ya kufikiri, kiasi cha kuathiri masomo na maisha yake. Mara nyingi hurithiwa katika familia. Ugumu ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kulithibitisha. Daktari hutegemea maelezo ya mzazi na mwalimu, na mwalimu humlinganisha mtoto na wale walioketi naye. Kwa mtoto wa miaka 5, tofauti ya miezi 11 ni karibu sehemu ya tano ya umri wake wote. Asiyeweza kukaa kitini kwa dakika 20 huenda hana kasoro yoyote. Bado ni mdogo tu.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka mtoto awe na angalau dalili 6 za kukosa umakini, au 6 za utukutu na papara. Dalili hizo ziwe zimedumu miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Aidha, ni lazima zizidi kile kinachotarajiwa kwa mtoto wa umri huo, na sharti hili ndilo linalosahaulika kwa urahisi pale foleni ya wagonjwa inapokuwa ndefu. Mtoto anayesumbua shuleni pekee, lakini akatulia nyumbani na madrasa, anahitaji kwanza kuulizwa kinachomsibu huko shuleni.

Yapo pia mambo yanayofanana na ADHD: usikivu hafifu, macho yasiyoona ubao, usingizi haba, upungufu wa damu, njaa, hofu ya kipigo, na aina ya kifafa inayomfanya mtoto aduwae kwa sekunde chache bila kuanguka. Nchini Uganda, watafiti wameeleza matatizo ya tabia, ukiwamo utukutu uliokithiri, kwa baadhi ya watoto walionusurika malaria iliyopanda kichwani. Historia ya aina hiyo haipatikani kwa mahojiano ya dakika 10.

Dawa inayotumika zaidi ni methilifenideti. Huongeza nguvu ya kemikali za ubongo zinazosaidia umakini, hususan dopamini, na kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa saa chache tu. Haiponyi tatizo, bali hupunguza dalili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watoto 579, matokeo yake yakatolewa mwaka 1999, ulionesha kuwa katika miezi 14 dawa iliyosimamiwa kwa karibu ilipunguza dalili kuu kuliko mafunzo ya tabia pekee. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka.

Baadhi ya wazazi huamini kwamba, dawa ikimtuliza mtoto, basi ugonjwa umethibitika. Imani hiyo ilipata jibu mwaka 1978, pale watafiti wa Marekani walipowapa wavulana wasio na tatizo lolote dawa ya jamii hiyohiyo: nao walitulia na umakini wao ukaongezeka. Kufanya kazi kwa kidonge, kwa hiyo, si ushahidi wa ugonjwa.

Dawa hizi hupunguza hamu ya kula, huchelewesha usingizi, huongeza kidogo mapigo ya moyo, na zinaweza kupunguza kasi ya kurefuka. Ndiyo maana uzito, kimo na shinikizo la damu hupimwa mara kwa mara, na familia huulizwa kuhusu maradhi ya moyo kabla ya dozi ya kwanza. Kwa watoto wa miaka 4 na 5, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinaelekeza wazazi wafundishwe kwanza mbinu za kusimamia tabia.

Kosa la upande wa pili si dogo. Mtoto mwenye ADHD asiyetambuliwa huitwa mvivu au mkaidi, huchapwa kwa jambo asiloweza kulizuia, na wengine huacha shule. Wasichana wanaoduwaa kimya bila kumsumbua mtu ndio hupitwa zaidi. Hakuna mwalimu anayewapeleka kwa daktari.

Mzazi anayekwenda kliniki atamsaidia sana daktari akibeba maelezo ya walimu wawili, daftari la usingizi la wiki mbili, matokeo ya vipimo vya macho na masikio, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.