Utangulizi: Kubadilisha Aina za Namba katika Kompaila ya Sheda

Kitabu hiki kinahusu kazi moja ya kompaila ya sheda: kubadilisha namba kutoka aina moja kwenda nyingine. Sheda ni programu fupi ambayo prosesa ya michoro huiendesha, kwa mfano kwa kila nukta ya picha. Ukijua kuandika programu, hata kama hujawahi kuiona kompaila kwa ndani, karibu.

Tuanzie na mfano kutoka bonde la mto Rufiji, Tanzania. Tangu 2015 setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za bonde hili, kuanzia Mkongo hadi mikoko ya delta wilayani Kibiti. Katika mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu, kila nukta hubeba mita 10 kwa 10 za ardhi, na thamani zake huhifadhiwa kama namba kamili. Tuseme nukta ya mikoko ina infraredi 3000 na wekundu 400. Kipimo cha uoto ni tofauti yao ikigawanywa kwa jumla yao: 2600 kwa 3400, yaani takriban 0.76. Sheda ikigawanya zikiwa bado namba kamili, jibu ni 0, na kuigeuza 0 hiyo kuwa desimali baadaye hakuokoi chochote. Msitu mzima utachorwa kama ardhi tupu. Majini, infraredi 200 kutoa wekundu 500 ni −300. Lakini aina ya biti 32 isiyojua hasi itatoa 4,294,966,996.

Ndiyo hoja yangu kuu: kubadilisha aina ni hatua ya hesabu kama kujumlisha au kugawanya. Ina zamu yake, na kompaila isiisogeze kwa tamaa ya kasi ikiwa jibu litabadilika.

Sura za kwanza zinaeleza desimali za kompyuta kwa kanuni za IEEE 754, zilizotolewa kwanza mwaka 1985. Zinazofuata zinaingia katika SPIR-V, lugha ya kati ambamo kubadilisha thamani na kusoma upya biti zilezile ni amri mbili tofauti: kwa amri ya kwanza, 1.0 ya biti 32 huwa 1. Kwa ya pili, huwa 1,065,353,216. Mwishoni tunafika kwenye desimali za biti 16, zinazookoa kumbukumbu ya simu lakini zinazoifanya 3001 kuwa 3000.

Soma ukiwa na kalamu. Kila mfano ukokotoe mwenyewe kabla ya kusoma jibu, kwa sababu anayeitazama ramani huona rangi tu. Usahihi wa namba zilizo nyuma yake ni dhamana yetu tunaotengeneza kompaila.