Je, Wajua? Hospitali Iliyopiga Marufuku Kufa

Je, wajua kuwa Wagiriki wa kale walikuwa na mahali pa tiba ambapo mgonjwa hakuruhusiwa kufa? Ni Epidaurus, kwenye bonde lenye misonobari katika rasi ya Peloponnese, mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari kutoka Athens. Mwenye mahali hapo alikuwa Asklepios, mungu wa tiba, na ndani ya mipaka ya eneo lake takatifu sheria ilikuwa fupi: hakuna kufa, hakuna kuzaa. Aliyezidiwa alitolewa nje akakatie roho huko. Mama aliyeshikwa na uchungu naye alitolewa. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyepita hapo katika karne ya 2 BK, aliandika kwamba jambo hilo liliwatesa wenyeji kwa muda mrefu, kwa kuwa watu walikuwa wakifa na kujifungua mahali pasipo na paa, mpaka seneta wa Kirumi aitwaye Antoninus alipowajengea nyumba ya shughuli hizo mbili. Kwa utaratibu huo, hospitali yoyote ingejivunia kwamba haijawahi kupoteza mgonjwa.

Sheria hiyo inashangaza zaidi ukijua kwamba Asklepios mwenyewe aliuawa, tena kwa kosa la kuponya kupita kiasi. Masimulizi yanasema Athena alimpa damu ya Gorgon, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka. Damu ya mishipa ya kushoto iliua, ya kulia ilirudisha uhai. Asklepios akaanza kufufua wafu. Mshairi Pindar anasema alifanya hivyo kwa kuhongwa dhahabu. Zeus aliona kwamba binadamu wakizoea kufufuka, mpaka wa miungu na watu utafutika, akampiga kwa radi.

Kuhusu kuzaliwa kwake, hadithi iliyoenea ni ya aibu. Koronis, mama yake, alikuwa na mimba ya Apollo akatembea na mwanamume mwingine, akauawa, na mtoto akaokolewa kutoka kwenye moto wa maziko ya mama yake. Watu wa Epidaurus walikuwa na simulizi yao wenyewe, na mimi naipenda zaidi. Kwao Koronis alijifungua kwa siri akimficha baba yake, akamwacha mtoto mlimani. Mbuzi mmoja akawa anajitenga na kundi kwenda kumnyonyesha, na mbwa wa mchungaji akamlinda. Mchungaji, jina lake Aresthanas, alipohesabu kundi akakuta mbuzi mmoja hayupo, na mbwa naye hayupo. Aliwatafuta hadi akamkuta mtoto, lakini alipomkaribia mwanga kama wa radi ukamtoka mtoto, na mchungaji akageuka akaondoka zake. Huenda ndiyo maana watu wa Epidaurus hawakumtolea Asklepios sadaka ya mbuzi. Wagiriki wa Cyrene, katika Libya ya leo, walimchinjia mbuzi bila wasiwasi, na Pausanias aliona tofauti hiyo inafaa kuandikwa.

Matibabu yenyewe yalikuwa kulala. Mgonjwa alijitakasa kwa maji, akatoa sadaka, kisha usiku akalala katika jengo refu lililoitwa abaton akingoja mungu amjie ndotoni. Waliopona waliacha shukrani, na katika karne ya 4 KK wenye hekalu walichonga habari zao kwenye mabamba ya mawe ili wageni wazisome kabla ya kulala. Visa kama 70 vimesalia. Ni matangazo ya biashara, hilo halina ubishi, ila yametungwa na watu waliojua kusimulia.

Kisa cha kwanza ni cha Kleo, mwanamke aliyebeba mimba miaka mitano. Alilala abaton, akatoka, na mara tu alipovuka mpaka akajifungua mvulana ambaye papo hapo alijiogesha mwenyewe kisimani na kuanza kutembea na mama yake. Ona jinsi mchongaji alivyokuwa makini: hata katika muujiza, sheria ya kutozalia ndani imeheshimiwa.

Ambrosia wa Athens, aliyekuwa chongo, alizunguka akiyacheka mabamba: kiwete apone kwa ndoto tu? Usiku mungu akamwambia atamponya, ila kwa sharti kwamba alete nguruwe wa fedha awekwe hekaluni, ukumbusho wa ujinga wake. Naye Euphanes, mtoto mdogo mwenye ugonjwa wa mawe unaozuia mkojo, aliulizwa ndotoni atalipa nini. Akajibu: vifupa kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, akamponya.

Wadanganyifu hawakuchekewa. Pandaros kutoka Thessaly alikuwa na alama zilizochorwa kwenye paji la uso, mungu akamfunga kitambaa na alama zikahamia kitambaani. Baadaye alimpa Echedoros fedha azipeleke hekaluni kwa niaba yake. Echedoros, ambaye naye alikuwa na alama, akazifutika, na alipoulizwa ndotoni akakana kuwa amepewa chochote. Akafungwa kitambaa kile kile cha Pandaros. Asubuhi alipokifungua na kujitazama majini, alikuwa na alama zake na za Pandaros juu.

Karne tano hivi baadaye mungu alikuwa amebadili mtindo. Apellas, mwenyeji wa Mylasa katika Uturuki ya leo, aliacha maandishi ya karne ya 2 BK akieleza alichoagizwa kwa tatizo la tumbo: ale mkate na jibini, figili-maji na saladi, anywe maziwa yaliyotiwa asali, afanye mazoezi ya kukimbia, aoge bila kusaidiwa, na amlipe mhudumu wa bafu. Kabla hata hajafika, meli ikiwa bado njiani, alishaonywa apunguze hasira. Ushauri huo angeweza kupewa leo katika kliniki yoyote ya shinikizo la damu.

Nyoka wasio na sumu waliishi ndani ya eneo hilo kama viumbe wa mungu. Roma ilipokumbwa na tauni mwaka 293 KK, ujumbe ulitumwa Epidaurus, na Warumi walisimulia kwamba nyoka mmoja alipanda merikebu yao kwa hiari yake, kisha akashukia kisiwa kilicho katikati ya mto Tiber. Hekalu likajengwa hapo, na kisiwani humo mpaka leo kuna hospitali. Nyoka wa Asklepios ndiye aliyejiviringisha kwenye fimbo katika nembo ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyo kwenye kijitabu cha njano cha chanjo ambacho msafiri wa Afrika Mashariki hukionyesha mpakani. Ni nyoka mmoja, bila mabawa. Fimbo ya nyoka wawili yenye mabawa ni ya Hermes, mlinzi wa wafanyabiashara na wezi, ingawa kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani kiliichukua mwaka 1902.

Watalii wengi leo huja kwa ajili ya ukumbi wa wazi wa maigizo, wenye safu 55 za viti vya mawe, ambao bado hutumika kila kiangazi. Maria Callas aliimba humo mwaka 1960. Waongoza watalii hupenda kudondosha sarafu katikati na kukuapia kwamba mnong'ono husikika hadi safu ya mwisho. Watafiti wa Uholanzi walipima mwaka 2017 wakakuta sauti ya mwigizaji anayeipaza inafika juu, ila mnong'ono huishia safu za mbele. Ukumbi unastahili sifa zake, lakini mabamba yako katika jumba dogo la makumbusho ambalo wengi hulipita haraka.

Asklepios alilipwa pia kwa jogoo, malipo ya mtu wa kawaida. Mwaka 399 KK, Socrates akiwa amekwisha kunywa sumu na miguu imekufa ganzi, maneno yake ya mwisho yalikuwa kumkumbusha rafiki yake Kriton kwamba wanadaiwa jogoo na Asklepios. Wasomi wanabishana hadi leo anayekufa alikuwa amepona nini. Kriton aliahidi deni litalipwa, akauliza kama kuna agizo lingine, na hakujibiwa.